Unaishi kando ya ziwa? Mamba anaijua ratiba yako ya kuchota maji

Mwana wa Mwalo (mtoa mada)

Salaam wakuu.

Nina dumu la lita 20, lile la njano la mafuta ya kula, limekaa nyuma ya nyumba yangu tangu mwaka juzi. Silitumii na nimekataza lisitupwe. Lina matundu matatu ubavu mmoja na mawili ubavu wa pili, kila tundu linaingia ncha ya kidole. Siku lilipotobolewa lilikuwa mkononi mwa shangazi yake mke wangu, saa kumi na mbili na robo asubuhi, mahali anapochota maji kila siku ya Mungu. Anasema hakuona kitu. Ziwa lilikuwa limetulia tuli. Aliinama, akalizamisha dumu, likavutwa. Kilichomwokoa ni kwamba alikuwa amelishika kwa vidole tu, hakuwa amepitisha kiganja kwenye mshikio. Liliponyofoka akaanguka kinyumenyume kwenye matope. Dumu tulilikuta jioni limenasa kwenye magugu maji, kama mita mia kutoka pale.

Naandika nikiwa huku Buchosa, mkoa wa Mwanza. Ziwa Victoria kwetu ndilo bomba, ndilo bafu, ndilo sehemu ya kufulia na ndilo shamba. Kumwambia mtu wa huku "usiende ziwani" ni kumwambia asinywe maji. Kwa hiyo mtu asije hapa na ushauri wa namna hiyo.

Nimefikiria sana tangu siku ile na nimeongea na wavuvi wazee. Ninachokiona ni hiki: mamba hatukuti kwa bahati mbaya. Anatusubiri. Sisi ndio tunamfundisha wapi na saa ngapi. Njia ya kuteremkia maji ni moja, imekanyagwa mpaka imekuwa mfereji. Saa ni ile ile, kabla watoto hawajaenda shule na jioni baada ya shamba. Na kila anayefika anafanya jambo lile lile, anainama kichwa na mikono vikielekea maji. Mnyama anayeishi miaka hamsini na zaidi, ambaye kazi yake ni kuvizia, hawezi kushindwa kusoma hilo.

Kuna jambo wengi hawalijui. Kwenye taya za mamba kuna vidoadoa vidogo vyeusi vingi sana. Siyo urembo. Ndivyo anavyohisia mtikisiko wa maji, hata gizani, hata maji yakiwa ya tope. Ndoo ikigonga maji, kwake ni kengele ya chakula. Halafu anaweza kukaa chini bila kupumua muda mrefu, akitulia hata saa nzima. Kwa hiyo lile neno letu la "nimeangalia, maji yametulia, hakuna kitu" halina maana yoyote. Maji kutulia ndiyo hali anayoitaka.

Baada ya tukio tulikaa kikao cha kitongoji. Mambo tuliyobadilisha ni machache lakini tumeyashika:

Kuchota kwa kuinama tumepiga marufuku. Tumefunga ndoo kwenye mpini mrefu wa mti wa kama mita tatu, mtu anasimama kwenye mwamba juu, anachota na kumimina kwenye dumu lililo nyuma yake. Penye mwamba mrefu zaidi tunatumia ndoo na kamba. Kamba haifungwi mkononi! Nasisitiza kwa sababu nimeona watu wanaizungusha kiganjani ili isiteleze. Mamba akivuta ndoo, anakuvuta na wewe.

Sehemu za kuchotea ziko tatu na tunazibadilisha bila mpangilio. Magugu maji na matete yaliyo karibu tumeyafyeka, maana ndiyo maficho yake. Hakuna kwenda kabla jua halijatoka wala baada ya kuzama. Utumbo wa samaki hautupwi tena ufukweni, unafukiwa mbali. Na mtoto haendi ziwani peke yake, hata kwa kikombe kimoja.

Karibuni mchangie, hasa mnaoishi kando ya maziwa mengine.

Binti Kwaraa

Asante mkuu. Dumu hilo lingestahili kuning'inizwa shuleni watoto walione.

Mimi nipo Babati. Ziwa letu liko mjini kabisa, na shida yetu sisi ni kiboko. Watu wanamwona mchana kichwa kimetokeza, masikio yanachezacheza, wanadhani ni mnyama mpole mvivu. Usiku anatoka. Anakula majani kama kilo 40 kwa usiku mmoja na anaweza kutembea kilomita kadhaa kuyatafuta. Bustani ya mtu ikiwa njiani, imekwenda.

Nilikulia kwenye nyumba ambayo njia ya kiboko ilipita nyuma ya choo. Ilikuwa wazi kabisa, mistari miwili ya nyayo na katikati tuta la majani, maana miguu yake ina nafasi. Baba alitukataza kusimama kwenye ile njia usiku kwa sababu yoyote. Kiboko akishtuka anakimbilia majini, na anakimbilia kwa njia ile ile aliyokuja nayo. Ukiwa katikati yake na ziwa, wewe ndiye kizuizi. Ana tani moja na nusu, dume kubwa linafika tani tatu, na anakimbia kama kilomita 30 kwa saa. Hakuna binadamu wa kawaida atakayemshinda.

Kilichotusaidia nyumbani ni ukuta. Siyo ukuta wa tajiri, ni mawe yaliyopangwa yakafika juu kidogo ya goti. Kiboko haruki. Akikuta kizuizi cha namna hiyo anakizunguka. Baba aliupanga ule ukuta kwa mikono yake msimu mzima wa kiangazi, na njia ikahama.

Mkulima Mpambanaji

Nafuatilia. Huku kwetu Rukwa mamba ni wengi mno.

Wakunyumba

Mtoa mada umeongea vizuri lakini umeacha jambo moja ambalo sote tunalijua. Kuna mamba wa ziwa na kuna mamba wa kutumwa. Mamba anayemchagua mtu mmoja katikati ya watu kumi, huyo si mnyama wa kawaida. Wazee wanajua.

Mwana wa Mwalo

Wakunyumba, nakujibu kwa heshima, kwa sababu hata kwenye ukoo wangu wapo wanaoamini hivyo na siwadharau.

Angalia lakini kinachotokea baada ya kusema hivyo. Mtu amechukuliwa. Watu wanakaa matangani, badala ya kuuliza alikuwa amesimama wapi wanauliza nani alikuwa na ugomvi naye. Siku tatu baadaye kuna bibi kizee anayeogopa kulala nyumbani kwake. Na wiki ya pili mtu mwingine anainama mahali pale pale na ndoo. Mimi nimeshuhudia msiba wa kwanza na wa pili kwenye gati moja, na kati ya hiyo misiba miwili hakuna hata tete moja lililofyekwa. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kuhusu kuchagua mmoja kati ya kumi: mamba anamchukua aliye pembeni, aliyeinama, aliye mdogo au aliyegeuza mgongo. Ndivyo anavyofanya kwa mbuzi na kwa nyumbu pia. Wingi wa watu haumfukuzi. Wanaovuta kokoro, ule wavu mrefu wa kukokota hadi ufukweni, wanasimama majini hadi kifuani, wako kumi na tano, wanapiga kelele, na bado anachukuliwa mmoja.

Wakunyumba

Nimekuelewa mkuu. La huyo bibi ni kweli, hapo umenigusa.

Rafiki wa Rusizi

Mimi ni wa Bujumbura, samahani kwa Kiswahili changu. Hapa kwetu Ziwa Tanganyika na mto Rusizi kila mtu anamjua Gustave, mamba mkubwa ambaye watu wanasema ameua watu wengi sana. Mfaransa Patrice Faye alimfuatilia miaka mingi, ndiye alimpa hilo jina. Walijenga kizimba kikubwa cha chuma ili wamtege, wakaweka chambo, hakuingia.

Naleta habari hii kwa sababu moja. Jina la Gustave lilikuwa kubwa hadi watu walisahau mamba wengine. Mtu akisikia Gustave hajaonekana, anaoga. Lakini anayeua watoto wengi ni mamba wa kawaida wa mita tatu ambaye hana jina. Na viboko vilevile: pwani ya Bujumbura vinapanda jioni karibu na nyumba na hoteli, watu wanasogea kupiga picha na simu. Kiboko akifungua kinywa watu wanacheka, wanasema anapiga mwayo. Si mwayo. Anakuonyesha meno ili uondoke.

Kaka Mchapakazi

Mnazunguka tu. Dawa ni risasi. Serikali ilete bunduki wauawe wote, watu wachote maji kwa amani. Uhai wa binadamu na mamba kipi bora?

Mwana wa Mwalo

Kaka, uhai wa binadamu ni bora na hakuna anayebisha hapa. Na mamba aliyekwisha zoea kula watu lazima aondolewe, hilo naliunga mkono kwa mikono miwili. Uganda walifanya hivyo. Mwaka 2005 pale Luganga, ziwa hili hili letu, walimnasa mamba waliyempa jina la Osama, anayesemekana aliua watu zaidi ya 80 kwa miaka mingi. Walimpeleka kwenye shamba la mamba. Wanakijiji walipumua.

Ila kuua wote haiwezekani, ziwa lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,000 na zaidi na limegawanywa nchi tatu. Ukitoa mmoja kwenye ghuba nzuri yenye samaki, mwingine atahamia. Na ukimpiga risasi bila kibali sheria ya wanyamapori ya 2009 inakushika wewe. Kazi ya kuwinda mamba msumbufu ni ya TAWA, mamlaka ya serikali ya usimamizi wa wanyamapori, na afisa wanyamapori wa wilaya. Kazi yetu ni kutoa taarifa mapema. Huwa tunasubiri mpaka afe mtu. Mamba akionekana mara tatu gati moja, akichukua mbwa au mbuzi, hiyo tayari ni taarifa. TAWA wana namba ya bure, iandikwe kwa rangi ukutani kwenye ofisi ya kijiji na kwenye banda la BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe.

Mama Sato

Naomba kuuliza. Mtu akikamatwa afanyeje? Mume wangu ni mvuvi, silali.

Tabibu wa Kata

Dada Mama Sato, mimi ni mganga wa zahanati kando ya ziwa, nimepokea majeruhi wa mamba na wa kiboko.

Mamba akishika anajiviringisha ili akate nyama na akuzamishe. Waliopona wote niliowahudumia walipigana. Macho ndiyo mahali pake dhaifu, vidole gumba viingie humo bila huruma. Pua pia. Na nyuma kabisa ya kinywa ana kifuniko cha ngozi kinachozuia maji yasiingie kooni. Mkono ukiwa tayari umo ndani, wapo waliokisukuma hicho akaachia. Shika chochote, mtumbwi, mzizi, mtu. Aliye nchi kavu asiruke majini, atoe kasia au nguzo ishikwe, wengine wavute na kupiga kelele.

Akishatoka, kandamiza jeraha kwa nguo safi kwa nguvu na usiachie kila dakika kuangalia. Halafu aletwe. Hili ndilo linaloniliza: kijana alipata matundu manne tu kwenye paja, damu ikakata, nyumbani wakaweka majani ya dawa, wakaja siku ya tano mguu umevimba na kunuka. Kinywa cha mamba kina wadudu wa hatari. Jeraha lake hata liwe dogo kama la kuchomwa na msumari linahitaji kuoshwa kwa wingi wa maji safi, dawa za kuua bakteria na sindano ya pepopunda siku hiyo hiyo.

Kwa kiboko hakuna kupigana. Panda mti, au zunguka kichuguu au mwamba mkubwa. Mkiwa kwenye mtumbwi na mkaona viboko, msipite katikati yao na ufukwe wala katikati yao na kina kirefu. Gonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia mara kwa mara ili wajue mlipo. Anayezama huibuka kila baada ya dakika tatu hadi tano kupumua. Ukimwona amezama, hesabu, halafu usiwe juu yake.

Mama Sato

Mungu akubariki daktari. Namsomea sasa hivi, amekaa hapa.

Mwanaivasha

Hamjambo wadau. Nawaandikia kutoka Kenya, Naivasha.

Hapa ziwa ndilo lililotufuata. Maji yalianza kupanda, na ilipofika 2020 mtaa wa Kihoto uliingia majini, watu wakahama wakiacha nyumba zikisimama ziwani hadi madirishani. Maji yakija, viboko wanakuja nayo. Malisho yao ya kandokando yamefunikwa, na upande mwingine kuna ua wa mashamba ya maua na mahoteli. Aende wapi? Anapita katikati ya ploti za watu. Wafanyakazi wa zamu ya usiku ndio wanaokutana naye, mtu ametoka kazini na begi lake, taa za barabarani hakuna.

Sisi kwenye ploti yetu tulikubaliana vitu viwili. Kwanza taa nje usiku kucha, kila nyumba inachangia stima, yaani umeme. Pili hakuna anayetembea peke yake baada ya saa moja jioni, na tochi lazima. Tochi inamulika mbele na pembeni, si miguuni tu. Kuna vijana pia wanaovua kwa kutembea majini bila mashua. Hao tunawazika kila mara. Hawana kazi nyingine, huo ndio ukweli, na mtu asiwahukumu kabla hajajua watoto wao wamekula nini.

Sheria yetu ya 2013 inasema mtu akiuawa na mnyamapori, familia inalipwa shilingi milioni 5. Wengi husubiri miaka. Kwenu Tanzania ikoje?

Mwana wa Mwalo

Kwetu kinaitwa kifuta machozi, na wenyewe serikalini wanasisitiza kwamba siyo fidia. Kanuni za 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa kifo. Usiipime kwa fedha, itakuuma. Lakini hata hiyo familia nyingi hukosa kwa sababu hazikutoa taarifa. Siku hiyo hiyo nenda kwa mtendaji wa kijiji, aandike, apeleke kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Karatasi ya daktari na ya polisi vikae pamoja. Jirani aliye na akili iliyotulia ndiye afanye hiyo kazi, mfiwa hawezi.

Mbongo Orlando

Wakuu, nipo Florida mwaka wa kumi na moja. Huku kila mtaa una ziwa au bwawa, na ndani yake kuna aligeta, ndugu yake mamba. Jimbo lina aligeta wapatao milioni 1.3. Ni mpole kuliko mamba wa Nile, ila mwaka 2016 hapa karibu na Orlando mtoto wa miaka miwili alichukuliwa kwenye ufukwe wa hoteli, maji hayajafika hata magotini, ilikuwa usiku. Baba yake alikuwa pale pale.

Jambo kubwa ninaloliona huku ni la kulisha. Kumlisha aligeta ni marufuku kisheria, kwa sababu akilishwa mara chache anaacha kumwogopa binadamu, anaanza kumfuata. Mtoa mada alipotaja utumbo wa samaki nilishtuka, maana ni jambo lile lile. Mwalo, yaani sehemu ya kushushia samaki, unaotupa utumbo majini kila asubuhi unalisha mamba kila asubuhi. Nilikulia Ukerewe na tulikuwa tunafanya hivyo mbele ya watoto wanaoogelea.

Binti Kwaraa

Hili la utumbo nitalipeleka kwa mwenyekiti kesho. Hata mbwa wanaozurura ufukweni wanamvuta.

Fundi Nondo

Mtoa mada, hujaongelea vizimba. Kuna vijiji huko huko Buchosa vimejengewa.

Mwana wa Mwalo

Kweli fundi, na nilitaka kukiwekea sehemu yake. Kizimba ni uzio unaoingia majini, watu wanachota wakiwa ndani yake na mamba yuko nje. Nimekaa kwenye kimoja nikaangalia kinamama wanachota huku wanapiga stori, na mmoja amempa mgongo ziwa. Miaka yote niliyoishi huku sikuwahi kuona mwanamke amelipa ziwa mgongo.

Cha kwetu tulianza kwa nguvu zetu, miti na waya wa fensi. Hakikudumu. Miti ilioza kwenye usawa wa maji ndani ya mwaka, na chini kulikuwa na uwazi ambao mtoto wa mbuzi angepita. Halafu 2024 ziwa likapanda, maji yakawa yanapita juu ya uzio. Watu waliendelea kuchota ndani wakiamini wako salama, na hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa na uzio kabisa. Tulikiondoa wenyewe.

Sasa tunachanga upya. Kila kaya shilingi 5,000, BMU wametoa mifuko ya saruji, kijana mmoja aliyeko Mwanza mjini ametuma fedha ya mabomba.

Fundi Nondo

Mabomba ya inchi ngapi? Na chini mnafunga vipi?

Mwana wa Mwalo

Inchi mbili, yamejazwa zege ndani. Wavu tunataka ule mzito wa kuchomelea, siyo wa kuku wala wa fensi, na tunafikiria kuukunja chini ulale sakafuni kwa ndani na mawe juu yake.

Fundi Nondo

Ukunje kwa nje, siyo ndani. Mamba akisukuma kutoka nje, atakuwa amelalia wavu wenyewe na uzito wake unaukandamiza chini. Ukiukunja ndani anaunyanyua na pua. Mabomba yaache mita moja na nusu juu ya maji ya masika, siyo ya kiangazi, mkipima sasa hivi mtajidanganya. Na mlango wa nchi kavu uwe na komeo, kwa sababu mamba hutembea usiku akaingia kwa juu, asubuhi mnamkuta ndani. Nipo Sengerema mjini, mashine ya kuchomelea ninayo. Nitumie ujumbe pembeni tupange siku, fedha tu ya mafuta ya jenereta mtanipa.

Mwana wa Mwalo

Nimekutumia sasa hivi fundi. Jumamosi tupo wote gatini kuanzia saa tatu, shangazi amesema yeye ndiye atapika.